Bibi Anataka Picha

Msimu wa parachichi unapoanza, sisi tunaofanya zamu katika idara ya dharura hapa jijini Mbeya huutambua kabla hata matunda hayajajaa sokoni Mwanjelwa, kwa sababu watoto huanza kuletwa wakiwa wameanguka kutoka mtini. Mparachichi una matawi ya kumdanganya mtoto: yanaonekana manene na imara, kumbe hukatika ghafla, na aliyekuwa juu hujikuta chini kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele.

Jumamosi moja jioni aliletwa mvulana wa miaka sita kutoka upande wa Rungwe, akisindikizwa na bibi yake mzaa mama na mjomba aliyekuwa ameshika ndala moja ya mtoto, nyingine ikiwa imebaki shambani. Haya ninayoyasimulia nimeyabadilisha hapa na pale ili wahusika wasitambulike, lakini swali walilonijia nalo ni lile lile ninalokutana nalo karibu kila wiki. Mtoto alikuwa ameanguka saa nane mchana, na walipofika kwetu ilikuwa saa kumi na mbili kasoro. Tawi lililokatika, kwa maelezo ya mjomba, lilikuwa juu kidogo ya kichwa cha mjomba mwenyewe akiwa amesimama. Wenzake aliokuwa akicheza nao walisema hakuzimia, alilia pale pale. Alitapika mara moja njiani, gari lilipokuwa likipanda kwenye ukungu wa Isyonje.

"Shikamoo bibi," nilimwamkia.

"Marahaba, daktari. Nimeleta mtoto apigwe picha ya kichwa."

Hakusema apimwe, wala hakusema atibiwe. Alikuwa ameuza kitu fulani nyumbani ili apate nauli na fedha ya kipimo, nami sikumuuliza ni kitu gani.

Nilimmulika mtoto machoni, mboni zote mbili zikasinyaa sawasawa. Nilimpapasa kichwa chote kwa ncha za vidole, polepole, kama mtu anayechagua embe, nikitafuta mahali palipobonyea au panapobonyea. Nilitazama nyuma ya masikio kama kuna wekundu uliovia, nikachungulia ndani ya masikio na puani kama kuna damu au majimaji meupe, kwa kuwa hizo ni dalili za kuvunjika kwa sakafu ya fuvu. Sikuona kitu. Nilimuuliza jina la mbwa wao akalitaja, kisha akaniuliza mimi iwapo mjomba atarudi kuitafuta ndala nyingine. Kwa kipimo cha fahamu cha Glasgow, ambacho Teasdale na Jennett walikitangaza mwaka 1974 na ambacho kila mwanafunzi wa udaktari hukikariri, alikuwa na alama zote 15.

Basi kuna nini cha kuhofia? Kinachotuhofisha ni kwamba kuna aina ya damu inayovuja taratibu kati ya fuvu na utando wa ubongo, nayo inaweza kumwacha mtoto akiongea na kucheka kwa saa kadhaa kabla haijakusanyika vya kutosha kuukandamiza ubongo. Daktari aliyewahi kumwona mtoto wa namna hiyo hata mara moja tu katika maisha yake hamsahau, na kila mtoto anayeanguka baada ya huyo huingia mlangoni akiwa na kivuli chake. Ndiyo maana ni rahisi sana kuandika ombi la CT scan. Ni mstari mmoja katika fomu, na ukishauandika mzigo unatoka kwako unahamia kwenye mashine.

Katika Kiswahili chetu neno "picha" limebeba mambo mengi mno. Mgonjwa akisema picha anaweza kumaanisha eksirei, ambayo huonyesha mfupa lakini haikuonyeshi ubongo, au anaweza kumaanisha CT scan, ambayo hupitisha mionzi ile ile ya eksirei kutoka pande nyingi na kuacha kompyuta ikokotoe kilichomo ndani, kipande kwa kipande. Hupenda kuwakumbusha madaktari wanafunzi kwamba sehemu ya hesabu hizo ilianzia Afrika: Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulifikiria tatizo hilo mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi hospitalini Cape Town. Godfrey Hounsfield, mhandisi wa Uingereza, aliitengeneza mashine yenyewe, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa jijini London tarehe 1 Oktoba 1971. Wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Sidharau mashine hii hata kidogo, kwa sababu nimeona ikiokoa watu.

Hata hivyo mionzi ile si mwanga wa tochi. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwafuatilia karibu watu 180,000 waliopigwa CT scan wakiwa watoto au vijana, wakakadiria kwamba, kwa watoto walio chini ya miaka kumi, kila picha 10,000 za kichwa zingeleta takriban mgonjwa mmoja wa ziada wa saratani ya damu na mmoja wa uvimbe wa ubongo katika miaka kumi inayofuata. Hatari hiyo ni ndogo, na mtoto mwenye sababu ya kupigwa picha asinyimwe kwa ajili yake. Lakini kwa mtoto asiye na sababu, hatari ndogo bado ni kubwa kuliko faida isiyokuwepo. Kuna pia jambo ambalo wazazi hawaambiwi mara kwa mara, nalo ni kwamba mtoto mdogo hatulii. Mashine inahitaji kichwa kisichotikisika, na mtoto anayelia na kujirusha huenda akalazimika kupewa dawa ya kumlaza, dawa ambayo inaweza kumpunguzia pumzi, na kwa saa kadhaa ikatunyima ile dalili tunayoitegemea kuliko zote, yaani namna anavyotuangalia na kutujibu.

Kwa hiyo, madaktari wa dharura duniani wametafuta kwa muda mrefu njia ya kuwatenga watoto wanaohitaji picha na wasioihitaji. Kanuni ninayoitumia mimi ilitokana na utafiti wa mtandao wa idara za dharura za watoto huko Marekani uitwao PECARN, uliochapishwa mwaka 2009 chini ya uongozi wa Nathan Kuppermann. Walifuatiliwa watoto 42,412 katika hospitali 25, wote wakiwa na alama 14 au 15 za Glasgow, yaani watoto wanaofanana na huyu wa bibi, wanaotembea na kuongea baada ya kuanguka. Zaidi ya theluthi moja yao walipigwa CT scan. Waliokutwa na jeraha la ubongo la kutia wasiwasi wa kweli walikuwa 376, chini ya mmoja katika kila mia, na waliohitaji kufunguliwa kichwa kwa upasuaji walikuwa 60 tu. Kila ninapoisoma idadi hiyo ya mwisho huirudia mara mbili, kwa sababu nikiwa kazini hofu huniambia kwamba wako wengi zaidi.

Kanuni yenyewe hugawanyika kulingana na umri, na hapo ndipo ilipo akili yake. Kwa mwenye miaka miwili na kuendelea tunauliza kama fahamu zake si za kawaida, kama kuna dalili ya kuvunjika sakafu ya fuvu, kama alizimia, kama ametapika, kama kichwa kinamuuma vikali, na kama ajali yenyewe ilikuwa kubwa, mathalani kugongwa na gari au kuanguka kutoka juu ya zaidi ya mita moja na nusu. Akikosa yote hayo, uwezekano wa jeraha kubwa uko chini ya mmoja katika kila elfu mbili, naye anaweza kurudi nyumbani bila picha. Akiwa na mojawapo kati ya yale mawili ya kwanza, uwezekano hufika karibu wanne katika kila mia, na hapo picha haina mjadala. Waliobaki wako katikati, hatari yao ikiwa takriban mmoja katika kila mia, na kwa hao kanuni haitoi amri. Inasema: mpige picha au mtazame, ukipima uzoefu wako, idadi ya dalili, mwenendo wake kadiri muda unavyopita, na wanavyotaka wazazi.

Mjukuu wa bibi alikuwa katikati kabisa. Alikuwa na dalili mbili, kimo cha tawi na kutapika mara moja, na dalili mbili zina uzito kuliko moja. Kwa upande mwingine, gari la abiria linalopanda vilima vya Rungwe huwatapisha hata watoto wasioanguka, na tayari saa nne zilikuwa zimepita bila hali kuwa mbaya. Nilifikiri kwamba barabara nayo ilikuwa imemtazama mtoto kwa niaba yetu, ingawa barabara haijui inachokitafuta. Nikamwambia bibi kwamba tutamweka mtoto kitandani karibu na meza ya wauguzi, tutamwamsha na kumpima kila baada ya muda hadi usiku wa manane, na akitapika tena, au kichwa kikizidi kumuuma, au akianza kutujibu ovyo, tutampeleka kwenye mashine dakika hiyo hiyo.

"Kwa hiyo mtamtazama tu?" aliuliza.

Tatizo zima la kazi hii limo katika hilo neno "tu". Kwa masikio ya mtu aliyetoka mbali, kutazama ni kile ambacho angeweza kukifanya mwenyewe nyumbani, kwenye kigoda, bila nauli. Mashine ni matibabu, ilhali macho ya muuguzi si matibabu. Nilijaribu kumweleza kuwa macho hayo yanatafuta jambo mahususi kwa wakati mahususi, na kwamba picha ingetuonyesha hali ilivyo saa kumi na mbili jioni tu, lakini nilimwona mjomba akitazama ukuta, nikajua kwamba wanaona tunawabania.

Siwalaumu, na nina sababu ya kutowalaumu. Miaka kadhaa iliyopita mwanangu mwenyewe, akiwa na miaka minne, aliteleza bafuni akapiga kichwa sakafuni. Hakuzimia, hakutapika, alilia akanyamaza, akaomba maji. Kwa kanuni ninayoifundisha wengine, alikuwa wa kubaki nyumbani. Nilimbeba hadi hospitali nikiwa na kanga juu ya gauni la kulalia, nikamwambia daktari wa zamu, kijana niliyemzidi kwa miaka mingi ya kazi, kwamba ninataka CT scan. Alisita, akaniita "dokta" mara mbili kwa heshima, kisha akaandika fomu. Picha ilikuwa safi. Nililala usingizi mzito usiku ule, na asubuhi nilipokuwa nikichemsha chai nilitambua kwamba nilimpa mtoto mionzi ili mimi nipate usingizi. Nimekuwa nikijaribu tangu hapo kukumbuka kwamba mzazi anayedai picha mara nyingi anaomba kutulizwa, na kwamba kumtuliza ni kazi ya daktari hata kama picha haipigwi.

Huko Marekani walijaribu jambo linalokaribiana na hilo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wazazi wa baadhi ya watoto wa kundi la katikati walionyeshwa karatasi yenye michoro ya hatari na chaguo zilizopo, wakaamua pamoja na daktari. Idadi ya picha haikupungua kwa kiasi cha maana, lakini wazazi hao walielewa zaidi, na usumbufu wao katika kuamua ulipungua. Wapo wanaosema basi karatasi ile ilishindwa. Mimi ninaona ilifaulu katika kile hasa ambacho bibi alikuwa anakikosa mbele yangu.

Isidhaniwe kwamba kanuni hii ipo ili kuwanyima watu kipimo. Wiki chache kabla ya hapo tulimpokea msichana wa miezi minane aliyeanguka kutoka kitandani, na siku hiyo hiyo mvulana wa mwaka mmoja na nusu aliyejigonga kwenye meza. Mvulana alikuwa na nundu ya rangi ya zambarau katikati ya paji la uso, kubwa kama yai, na mama yake alikuwa akitetemeka. Msichana alikuwa akicheka na kuvuta nywele za dada aliyemleta, na uvimbe wake ulikuwa pembeni ya kichwa, juu ya sikio, laini, hauonekani mpaka upapase. Kila mtu katika chumba cha kusubiri angesema mvulana atangulie. Lakini kwa watoto walio chini ya miaka miwili, nundu ya paji la uso haihesabiwi kuwa dalili ya hatari, kwani mfupa wa hapo ni mgumu, ilhali uvimbe wa pembeni au wa kisogoni huhesabiwa, na uvimbe laini kwa mtoto mchanga hivyo mara nyingi hufunika ufa. Mvulana alirudi nyumbani. Msichana tulimpiga CT scan, tukakuta fuvu limepata ufa bila damu iliyohitaji upasuaji, akalazwa.

Kanuni hiyo hiyo humuuliza mzazi wa mtoto mdogo kama mtoto anatenda kama kawaida yake. Ni swali zuri sana, isipokuwa kwamba huku kwetu aliyemleta mtoto si lazima awe mzazi. Anaweza kuwa dada wa kazi aliyeanza kazi juzi, mwalimu, jirani mwenye bajaji, au bibi aliyeletewa mjukuu kwa likizo. Siku hizi huomba simu ya mama ipigwe na mtoto asikilizishwe sauti yake. Namna anavyoigeukia simu hunieleza mengi.

Kuna mtego mwingine ambao haumo katika vitabu vya Marekani. Mtoto anayetoka Kyela, kule chini kandokando ya Ziwa Nyasa ambako mbu ni wengi, akiletwa kwa kuanguka na kutapika, mimi huuliza kwanza kama alikuwa na homa kabla hajaanguka. Wapo walioanguka kwa sababu ya degedege la malaria, na anayekimbilia kichwa kwa sababu ya nundu anaweza kupoteza muda ambao tone la damu kidoleni, kwa kipimo cha haraka cha malaria na cha sukari, lingeuokoa.

Ninapopigiwa simu na tabibu kijana aliye peke yake katika kituo cha afya, jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba swali lake si langu. Mimi ninauliza kama mtoto asukumwe kitandani hatua hamsini hadi kwenye mashine. Yeye anauliza kama asafirishwe kilomita 70 usiku, mvua ikinyesha, kwa gari la wagonjwa ambalo ni moja kwa tarafa nzima. Kanuni iliundwa kwa ajili ya swali langu, na inambidi aigeuze. Mtoto mwenye fahamu zilizovurugika au fuvu lililobonyea asafirishwe mara moja bila kusubiri aone itakuwaje. Asiye na dalili yoyote abaki. Kwa wa katikati huwa nauliza kitu kimoja, nacho hakihusu mtoto: usiku huu wauguzi wako wangapi? Kama ni mmoja, na huyo mmoja ana mama wawili wenye uchungu wa kuzaa, basi hakuna wa kumtazama mtoto, na kuandika "atazamwe" kwenye faili ni kumdanganya kila mtu. Huyo mlete. Nimewahi kubishana na wenzangu kuhusu hili, wakisema ninajaza hospitali watoto wazima. Huenda ni kweli. Katika miaka ya karibuni mashine za CT scan zimefika katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa, na ninashukuru, lakini sijasikia mtu akikata utepe kwa ajili ya muuguzi wa pili wa usiku.

Ikumbukwe pia kwamba picha ikionyesha damu, lazima awepo wa kuitoa. Kwa miaka mingi wagonjwa wa upasuaji wa ubongo wa nchi hii wameitegemea Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996, ambayo iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa.

Mtoto wa bibi alilala saa mbili usiku. Bibi alimtikisa, kwa kuwa ameambiwa tangu zamani kwamba aliyeumia kichwa asiachwe asinzie. Nilimwambia amwache alale, maana ndio muda wake wa kulala, mradi tukimwamsha aamke na kutujua. Saa tatu aliamka akakasirika. Saa nne na nusu aliamka akaomba uji, akaunywa, haukurudi. Saa sita usiku alimwambia muuguzi amwache, kwa Kinyakyusa, na bibi akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

Sikuwaruhusu usiku ule, kwa sababu hakuna gari la kurudi Rungwe saa hizo. Asubuhi nilichukua karatasi ambayo muuguzi alikuwa akiijaza, yenye saa, alama za Glasgow, mboni, mapigo ya moyo na kutapika, nikainakili, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa mambo ya kumrudisha hospitali: kutapika tena na tena, kichwa kuzidi kuuma, kusinzia asiamshike, degedege, kutokwa damu au maji sikioni au puani, au kutembea kama mlevi. Nilimsomea mjomba, naye akarudia yote bila kukosea.

Bibi aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Ndaga, daktari," alisema, akinishukuru kwa Kinyakyusa. "Lakini mbona haina muhuri?"

Nikaenda kutafuta muhuri.